Barua ya wazi kwa uongozi wa chuo kikuu: vitu vyetu mmevifungia ndani, sisi mmetuacha nje ya geti

Tabora

Kwa:
Makamu Mkuu wa Chuo,
Mwenyekiti wa Baraza la Chuo,
Msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Chuo.

Ndugu viongozi,

YAH: VITU VYA WANANCHI VILIVYOAZIMWA KWA AJILI YA MAONESHO YA UTAMADUNI

Poleni na majukumu. Ninaandika nikiwa mwalimu mstaafu wa historia na katibu wa kikundi chetu cha wasanii hapa Tabora: wachongaji, wafinyanzi, wasusi na wacheza ngoma. Jina la chuo nimeliacha kwa makusudi. Sina nia ya kuichafua taasisi inayosomesha watoto wetu, na ninyi mnaohusika mtajitambua bila kutajwa.

Jambo hili tulitaka liishie ofisini. Tumeandika barua, zikagongwa muhuri wa kupokelewa. Tumefika mapokezi, tukaambiwa mhusika yuko safarini, mara yuko kikaoni, mara faili limehamishiwa idara nyingine. Simu zikawa hazipokelewi. Jibu pekee tulilopata, tena la mdomo, ni kwamba suala linafanyiwa kazi. Wazee waliotoa vitu vyao wananiuliza kila tunapokutana msikitini, msibani na sokoni, na sina la kuwajibu. Ndiyo maana leo naandika hadharani.

Kwanza niwape haki yenu. Mlipotangaza kwamba chuo kinafungua jumba la makumbusho na kwamba patakuwa na maonesho ya sanaa na siku za utamaduni, tulifurahi kwa moyo mmoja. Mji huu unastahili. Misafara ya pembe za ndovu ilipita hapa kati ya pwani na Ujiji, na mizigo ile ilibebwa na mabega ya Wanyamwezi. Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Reli ya Kati ilifika mwaka 1912. Mwaka 1916, vita ikiwa imewabana, Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu zenye picha ya tembo hapa hapa Tabora, katika karakana ya reli, na Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji. Mwalimu Nyerere alisoma hapa na akafundisha hapa. Januari 1958 TANU ilikutana hapa na kupitisha ule Uamuzi wa Busara wa kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu. Halafu wakaja Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, ambao sauti za magitaa yao zilijaza redio za nchi nzima. Wanafunzi wenu wengi wanatoka mikoa mingine, wanamaliza miaka yao ya masomo na kuondoka wakiijua Tabora kwa maembe na asali. Jumba la makumbusho lingewafungua macho. Kwa hiyo mnielewe: silalamikii kuwapo kwake. Nalalamikia namna linavyoendeshwa, na hoja zetu ni hizi.

1. Vitu viliazimwa bila hata kipande cha karatasi

Hii ndiyo hoja iliyobeba nyingine zote, kwa hiyo mniruhusu niieleze kwa kirefu.

Vijana wa chuo walipita majumbani Kwihara, Itetemia na mitaa ya mjini wakiwa na gari la chuo, daftari la shule na simu za kupigia picha. Walikuwa na adabu, walisalimia vizuri, wakakaribishwa. Watu wakatoa vigoda, mitungi, vibuyu vya shanga, ngoma za zamani, kasha la magome ya miombo la kuwekea asali. Familia moja ilitoa kibangwa, lile kombe jeupe la baharini walilovaa watemi, ambalo halijawahi kutoka nje ya ukoo. Maneno yakawa: tunaazima, maonesho yakiisha tunarudisha. Hakuna aliyeachiwa hati yenye jina lake, jina la kitu chake, wala tarehe ya kurudishiwa.

Maonesho yameisha. Mabango yameshushwa. Vitu havijarudi, isipokuwa mtungi mmoja ulioletwa ndani ya katoni ukiwa umemeguka mdomo, ukakabidhiwa kwa mtoto aliyekutwa uani. Vingine tunaambiwa viko stoo. Stoo ipi, nani ana ufunguo, na kuna orodha gani, hakuna anayetuambia.

Nieleze kitu kimoja kwa karibu ili muone ninachokisema. Bibi mmoja wa Kwihara aliazima kigoda cha miguu mitatu cha mti wa mninga. Baba yake alikichonga mwaka wa Uhuru, bibi mwenyewe akiwa msichana anayemletea baba maji ya kunywa pale kwenye kivuli alipokuwa akifanya kazi. Mguu mmoja ulipata ufa baadaye, mzee akauzungushia waya wa shaba, akaukaza kwa koleo, na ncha ya waya akaikunja ndani isichane nguo za wanaokalia. Miaka yote hiyo kigoda kilikaa jikoni, kikaingia moshi na mafuta mpaka kikawa cheusi, na pale pa kukalia pakachimbika kidogo upande wa kushoto, kwa sababu mama yake bibi alikuwa na nyonga mbovu na alikaa kwa kuegemea. Nilikiona kwenye maonesho yenu. Kilikuwa kimepakwa vanishi, kinang'aa kama kochi jipya kwenye karakana ya seremala. Kilikuwa kimewekwa chini ya dirisha, jua la mchana linakipiga moja kwa moja, na ule ufa wa mguuni umepanda hadi kwenye kiti. Waya wa shaba umetolewa. Nilimuuliza kijana aliyekuwa zamu, akasema waliutoa kwa sababu ulikuwa unaharibu mwonekano.

Mhifadhi yeyote wa makumbusho angewaambia kwamba ule moshi, ule waya na ule mchimbiko ndiyo historia yenyewe ya kitu kile. Vanishi ikishaingia kwenye mti haitoki bila kuondoka na kilichokuwa chini yake. Mti wa zamani hauwekwi juani, kwa sababu upande mmoja unakauka haraka kuliko mwingine na ndipo unapopasuka. Haya si mambo ya fedha nyingi. Ni ya kujali na ya kuuliza.

Waswahili walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hati ya kuazima ni karatasi moja tu: jina la mwenye kitu, kitu chenyewe na vipimo vyake, hali yake siku kilipochukuliwa pamoja na picha, kimeazimwa kwa muda gani, kitakaa wapi, kikiharibika nani analipa. Sahihi mbili, nakala mbili, moja inabaki kwa mwenyewe. Maktaba yenu haimpi mwanafunzi kitabu bila kuandika. Iweje kibangwa cha ukoo kitoke nyumba ya mtu bila kuandikwa?

Na sisi watu wa Unyamwezini tuna sababu ya kuwa wakali katika hili. Kile kiti cha enzi cha Buruku, chenye egemeo refu na umbo la mtu lililochongwa mgongoni, kiko Berlin tangu enzi za Wajerumani. Kiti kingine cha Kinyamwezi cha aina hiyo kiko New York. Leo wataalamu wa Tanzania na wa Ujerumani wanakaa pamoja kutafuta vitu vyetu vilivyoko kule vilitoka kwa nani, vilichukuliwaje na siku gani, na mara nyingi wanakwama kwa sababu aliyechukua hakuandika vya kutosha. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba radhi kwa yaliyotendeka enzi za ukoloni. Tunadai maelezo kutoka Berlin, na tuna haki ya kuyadai. Basi chuo chetu, kinachoongozwa na watoto wetu wenyewe, kisiwe na kumbukumbu pungufu kuliko wale.

2. Maelezo ya maonesho yalikuwa na makosa, na majina ya watu yaliachwa

Kigoda hicho cha bibi kilikuwa na kadi iliyosema ni kigoda cha mtemi, karne ya 19, msanii hajulikani. Hakikuwa cha mtemi, hakikuwa cha karne ya 19, na aliyekichonga anajulikana kwa jina lake, la baba yake na la kijiji chake. Binti yake yuko hai na angewaambia yote kama mngemuuliza. Mikeka iliyotundikwa ukutani nayo iliandikwa msanii hajulikani. Aliyeisuka anauza soko kuu, na wahadhiri wenu wananunua kwake.

Kubwa zaidi ni bango la Mtemi Isike. Liliandikwa kwamba alifariki mwaka 1884. Ndugu zangu, aliyefariki 1884 ni Mirambo wa Urambo, aliyeanza vita mwaka 1871 dhidi ya Unyanyembe, utemi wa hapa Tabora, na washirika wake Waarabu. Isike wa Unyanyembe alikufa Januari 1893, ngome yake ilipovamiwa na Wajerumani wakiongozwa na Tom von Prince, naye akaona heri kulipua ghala la baruti akiwa ndani kuliko kukamatwa. Hao ni watawala wawili wa pande mbili zilizokuwa na uadui, na vifo vyao havifanani hata kidogo. Mtoto wa darasa la sita wa hapa Tabora akiandika vile kwenye mtihani anakosa alama. Wanafunzi wa shule walioletwa kwa mabasi waliyanakili makosa hayo kwenye madaftari yao kwa sababu yametoka chuo kikuu. Nilimwambia msimamizi siku ya kwanza. Bango likabaki vilevile hadi siku ya mwisho.

Na karibu maelezo yote yalikuwa kwa Kiingereza. Wenye vitu walisimama mbele ya vitu vyao wakiomba wajukuu wawasomee. Wamanyema, waliokaa mji huu vizazi na vizazi, hawakutajwa popote.

3. Geti na saa za kufungua

Jumba linafunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Jumamosi limefungwa, Jumapili limefungwa, sikukuu limefungwa. Mama ntilie yuko kazini saa hizo. Mkulima wa tumbaku akija mjini anakuja Jumamosi. Dereva wa bodaboda hawezi kuacha abiria. Kwa saa hizo anayebaki kuwa mgeni wa makumbusho ni mwanafunzi na mgeni wa ofisi.

Anayejitahidi akafika anakutana na geti. Anaulizwa kitambulisho, anaulizwa anakwenda kwa nani. Ukisema unakwenda kuona maonesho, mlinzi anapiga simu, na simu haipokelewi. Siku ya ufunguzi waliingia wenye kadi za mwaliko. Yule bibi wa kigoda alikuja amevaa kanga yake mpya, doti nzima, na mkongojo wake, akaambiwa asubiri mgeni rasmi apite kwanza. Mgeni rasmi alikata utepe, akatembezwa, akala, akaondoka. Bibi alikaa kwenye tofali nje ya geti hadi adhuhuri, kisha akapanda bajaji akarudi Kwihara. Hadi leo hajakiona kigoda chake kikiwa kwenye maonesho, nami sijapata ujasiri wa kumweleza kuhusu ile vanishi.

Nendeni Bujora, pale Kisesa karibu na Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement pamoja na wenyeji. Wakati wa Bulabo, sikukuu yao ya ngoma, vyama vya Wagalu na Wagika wanaposhindana kucheza, uwanja unajaa wakulima, watoto, wazee, wafanyabiashara. Hakuna anayeulizwa amekuja kwa nani. Makerere nao wana jumba la sanaa ndani ya chuo, na mtu wa mtaani anaingia kuangalia kazi za wasanii.

4. Ngoma na wasanii siku za utamaduni

Wachezaji wetu wa ngoma ya Hiari ya Moyo waliitwa saa mbili asubuhi. Mgeni rasmi alichelewa. Walikaa juani bila turubai, wakiwa wamevaa mavazi kamili na njuga miguuni, hadi saa sita. Walipoanza kupata moto, msema chochote wenu akawakatisha, kwa sababu ratiba ilikuwa imebanwa na hotuba zilikuwa bado. Walichopata ni soda na nauli ya daladala. Baadaye tukaiona ngoma hiyo kwenye tangazo la video la kuita wanafunzi wapya. Hakuna aliyeombwa ridhaa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua wasanii wa jukwaani na haki zao, na chuo chenye wanasheria hakiwezi kusema hakikujua.

5. Jumba kukodishwa kwa sherehe

Hili nalisema kwa ufupi. Maonesho yakiwa bado yanaendelea, ukumbi ulikodishwa kwa sherehe za harusi, na vitu vikasukumwa pembeni na kufunikwa kwa vitambaa vya mapambo. Kama ukumbi wa kukodisha unahitajika, ujengwe kwingine.

Najua majibu yanayoweza kuja.

Mtasema hakuna bajeti. Karatasi ya hati, kalamu na pazia la kukinga jua havihitaji bajeti ya wizara. Fedha ya turubai, meza kuu, maua na chakula cha wageni ilipatikana.

Mtasema hamna wataalamu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya akiolojia na urithi, Makumbusho ya Taifa ina wahifadhi, na barua moja ya ushirikiano ingetosha kuanzia. Kwa upande wa historia ya hapa, wataalamu wako Kwihara na Itetemia, wameketi barazani, na hawadai posho ili waulizwe tarehe ya kifo cha Isike.

Mtasema usalama wa kampasi. Tunaukubali. Siku ya mahafali mnapokea mamia ya wazazi na hakuna kinachoharibika, kwa hiyo utaratibu wa kuwapokea wageni mnao.

Mtasema watu walitoa wenyewe kwa hiari. Ni kweli, waliazima kwa hiari. Hawakugawa.

Na yupo atakayesema jumba hili ni la kufundishia wanafunzi, si la wananchi wote. Kama ni hivyo, basi mngefundishia kwa vitu vya chuo. Mkishagonga mlango wa mtu mkamwomba kitu chake, mmeshamfanya kuwa sehemu ya jumba hilo.

Tunachoomba ni haya:

Ndani ya siku thelathini tangu barua hii itoke, tupewe orodha iliyoandikwa ya vitu vyote vilivyochukuliwa, kila kimoja kiko wapi na kiko katika hali gani, na tukikague kwa macho yetu tukiwa na wenyewe.

Kila anayetaka kitu chake arudishiwe nyumbani kwake, mkononi mwake, kwa sahihi. Anayekubali kibaki apewe hati ya kuazima yenye tarehe ya mwisho. Vilivyoharibika vilipwe fidia baada ya mazungumzo na familia, na waya wa shaba wa kigoda kile utafutwe popote ulipotupwa.

Asiguse mtu yeyote vitu hivyo kwa vanishi, rangi, gundi wala sabuni mpaka mhifadhi mwenye ujuzi afike avione.

Maelezo yaandikwe upya kwa Kiswahili kwanza, yenye majina ya watengenezaji na ya familia, yakipitiwa na wazee kabla ya kuchapwa. Bango la Isike lirekebishwe, na shule zilizotembelea ziandikiwe barua ya marekebisho.

Jumba lifunguliwe Jumamosi. Mkishindwa kila wiki, anzeni na Jumamosi moja kwa mwezi, na mlinzi apewe maelekezo ya maandishi kwamba anayekuja makumbusho anaandika jina lake kwenye kitabu na kuingia.

Wasanii wa ngoma wapewe mkataba mfupi unaotaja malipo, muda wa kucheza, kivuli, maji, na kama watarekodiwa au la. Ile video ya tangazo iondolewe hadi makubaliano yafikiwe.

Mwisho, undeni kamati ya jumba yenye wajumbe kutoka nje ya chuo: angalau wazee wawili wa Unyanyembe, mjumbe wa Wamanyema, na wasanii wawili, mmojawapo awe mwanamke anayefanya kazi kwa mikono yake. Kamati hiyo ndiyo ipange maonesho yajayo. Tarehe 18 Mei ni Siku ya Makumbusho Duniani. Tunapendekeza siku hiyo geti liwe wazi kuanzia asubuhi, bila kadi, na wenye vitu wasimame mbele ya vitu vyao wawaeleze wanafunzi wenyewe. Kikundi chetu kiko tayari kufanya kazi hiyo nanyi kuanzia kesho mkituita.

Majibu tunaomba yawe ya maandishi, yenye jina na sahihi ya mtu anayewajibika. Siku thelathini zikipita kimya, tutakwenda kwa Afisa Utamaduni wa Manispaa na kwa Mkuu wa Mkoa tukiwa na orodha yetu wenyewe, ambayo tumeshaanza kuiandika nyumba kwa nyumba, na kila familia imeweka sahihi au dole gumba.

Wenu katika kazi,

Katibu wa kikundi cha wasanii,
kwa niaba ya wasanii na familia zilizoazimwa vitu,
Tabora.

Nakala: Afisa Utamaduni wa Manispaa, wenyeviti wa mitaa na vijiji vinavyohusika, serikali ya wanafunzi ya chuo.